Nakunja magoti, mbona kiuno bado kinaniuma?

Toleo lililopita niligusia kidogo maumivu ya kiuno kwa watu wanaobeba mizigo kazini, na barua zilizofuata zimezidi nafasi ya safu hii. Nimechagua zinazouliza yale ambayo wengi wenu mnayarudia. Kazi yangu ya tiba ya viungo ina pande mbili: kuna siku niko kwenye chumba cha mazoezi na watu waliokwisha kuumia, na kuna siku niko ghalani, kiwandani au wodini nikitazama kazi yenyewe inavyofanyika. Upande huo wa pili ndio ulionifundisha zaidi, na majibu yangu mengi yanatoka huko.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mbeba mizigo katika ghala. Mwaka jana tuliletewa mwalimu akatufundisha: kunja magoti, nyoosha mgongo, inuka kwa miguu. Nafuata vilevile, lakini ikifika jioni kiuno kinawaka moto. Katoni zetu ni kilo 18 tu. Zimepangwa sakafuni, tunaziokota, tunageuka na kuziweka kwenye meza ya kufungashia iliyo ubavuni. Mkuu wetu anasema anayeumia ni yule asiyefuata mafunzo. Nakosea wapi?
Kijana wa ghalani

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwa ulivyoeleza, sioni kosa lako. Naona kosa la sakafu, la meza, na la aliyeamua katoni zipangwe hapo.

Kukunja magoti ni jambo jema, ila limegeuzwa dawa ya kila kitu. Kinachokiumiza kiuno kuliko namna ya kuinama ni umbali uliopo kati ya mzigo na mwili. Misuli inayoushikilia uti wa mgongo iko nyuma tu ya pingili, yaani mifupa ya uti huo, kiasi cha sentimita 5 kutoka katikati ya diski, zile sahani laini zinazotenganisha pingili moja na nyingine. Mzigo wenyewe uko mbele. Ukishika kilo 20 sentimita 50 mbele ya kiuno, misuli hiyo inalazimika kuvuta kwa nguvu mara kumi ya uzito huo, sawa na kilo 200, ili usianguke kifudifudi. Hapo sijahesabu kifua, kichwa na mikono yako ambavyo navyo vimeinama mbele. Usogeze mzigo uleule hadi sentimita 25, na mvuto unapungua nusu, ingawa mzigo haujapungua hata gramu moja. Jumla ya nguvu zote hizo inaishia kwenye diski, inayobanwa kati ya mfupa na mfupa.

Mwaka 1999 watafiti wa Ujerumani walichapisha vipimo vya mtu mmoja aliyekubali kuwekewa kifaa cha kupimia shinikizo ndani ya diski yake ya kiunoni. Akiwa amesimama mikono mitupu, kilisoma megapaskali (kipimo cha shinikizo) 0.5. Alipoinua kilo 20 kwa kuinama, mgongo umejipinda, kilifika 2.3. Alipoinua kwa kukunja magoti, 1.7. Kisha akasimama wima akiwa ameshika kilo zilezile 20: zikiwa zimekumbatiwa mwilini, 1.1, zikiwa sentimita 60 mbele ya kifua, 1.8. Tazama hizo namba mbili za mwisho. Hapo hakuna goti lililokunjwa wala mgongo ulioinama. Kilichobadilika ni umbali peke yake.

Sasa itazame katoni yako. Kama ni pana, haiingii katikati ya magoti. Ukichuchumaa, magoti yenyewe yanaisukuma mbele, mikono inanyooka, umbali unaongezeka. Unachosha mapaja na kiuno hakijapona.

Taasisi ya Taifa ya Usalama na Afya Kazini ya Marekani ina kanuni ya hesabu, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 1991, ambayo huwa naitumia ninapoingia ghala jipya. Inaanza na kilo 23. Huo ni mzigo katika hali bora kabisa: uko karibu na mwili, uko usawa wa vifundo vya vidole mikono ikiwa imening'inia, una mishikio mizuri, hugeuki, na huurudii mara kwa mara. Baada ya hapo kila ubaya wa kazi unakata sehemu yake. Nimeipitisha kazi yako humo kwa makadirio. Kuifikia katoni kwa sentimita 50 kunakata nusu, zinabaki kilo 11.5. Kuiokota karibu na sakafu kunashusha hadi 9 na kitu. Kuipandisha sentimita 75, zinabaki 8 hivi. Kugeuza kiwiliwili nyuzi 90 miguu ikiwa imeganda pale pale, zinabaki kama kilo 6. Na bado sijahesabu unaokota mara ngapi kwa dakika, jambo ambalo litazishusha tena. Katoni yako ya "kilo 18 tu" ni mara tatu ya hizo.

Ibadili kazi sasa. Katoni ziwe juu ya paleti tupu, yale majukwaa ya mbao ya kupangia mizigo, zilizopandanishwa hadi usawa wa mapaja, uzifikie kwa sentimita 30, na uweke mzigo mbele yako bila kujisokota. Hesabu inapanda hadi kilo 19. Mtu ni yuleyule na katoni ni ileile.

Ukienda kuzungumza na mkuu wako, usianze na kiuno chako, anza na sakafu. Omba paleti tupu ziwekwe chini ya rundo. Katoni za mstari wa nyuma zivutwe kwanza hadi ukingoni, zigusane na mwili wako, ndipo ziinuliwe. Mtu asiinue kitu akiwa amejinyoosha juu ya mstari wa mbele. Halafu meza. Watu wengi wanadhani meza ikiwa karibu zaidi kazi inakuwa rahisi, kumbe ikiwa ubavuni kabisa ndiyo inamfundisha mtu kuzungusha kiuno. Isogezeni mbali hatua mbili. Mtu atalazimika kutembea, na akitembea miguu inageuka yenyewe. Hili halina gharama yoyote, na nimeona likileta nafuu kuliko semina za siku nzima.

Kuhusu hayo mafunzo, mkuu wako anastahili kujua kwamba mapitio ya tafiti ya mwaka 2011 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, hayakupata ushahidi kwamba mafunzo na ushauri wa namna ya kubeba yanazuia maumivu ya mgongo. Mwalimu wenu hakusema uongo. Ila hakuna mwili unaokumbuka somo katika saa ya mwisho ya zamu kama ulivyolikumbuka saa ya kwanza, na hakuna somo linaloufupisha umbali kati yako na katoni iliyopangwa vibaya. Nimewatibu vijana wengi waliokuja kwangu wakiwa na aibu, wanaamini wamejiumiza kwa uzembe. Aibu hiyo huwafanya wafiche maumivu hadi wanashindwa kuvaa viatu. Wewe usiibebe.

SWALI: Dada, mimi ni dereva wa lori. Safari zangu ni za saa tano, sita, na nikifika nasaidia kushusha mzigo. Wenzangu wamenunua mikanda mipana ya kiuno na wanaisifu sana. Ninunue?
Dereva mpakuaji

JIBU: Kaka, hela yako iweke. Mwaka 2000 huko Marekani ulichapishwa utafiti uliofuatilia wafanyakazi zaidi ya 9,000 wanaoshughulika na mizigo madukani. Waliovaa mkanda kila siku hawakuumia pungufu ya wale wasiovaa, wala hawakulalamika pungufu. Mkanda unabana tumbo na kukupa hisia ya uimara. Hofu yangu ni hiyo hisia yenyewe, maana humtuma mtu kuinua kitu ambacho bila mkanda angemwita mwenzake. Kama una jeraha na mtaalamu wako amekupa mkanda kwa muda, hilo ni suala jingine, endelea naye.

Ila barua yako ina jambo zito kuliko mkanda. Unakaa saa tano umejikunja, lori linakutikisa, kisha unaruka chini na kushika mzigo mzito. Ukikaa umepinda kwa muda mrefu, kano zinazofunga pingili zinalegea, na hazirudi kukaza mara tu unaposimama. Zinahitaji muda. Ukiinua kitu kizito katika dakika hizo za mwanzo, kiuno kinafanya kazi kikiwa na ulinzi pungufu.

Kwa hiyo ukifika, usiwe wa kwanza kupanda bodi. Tembea, peleka makaratasi, fungua turubai na kamba, jinyooshe nyuma mikono ikiwa kiunoni. Dakika kumi za namna hiyo si uvivu. Kisha anza na vyepesi. Na usiruke kutoka kwenye kebini wala bodini. Shuka ukiwa umelitazama lori, mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja, vikiwa vimeshika wakati wote. Kishindo cha kuruka kinapanda kutoka kisiginoni hadi kiunoni, nawe unakirudia kila kituo.

SWALI: Mama, habari za kazi. Mimi ni muuguzi wa zamu ya usiku. Tuko wawili wodini. Wagonjwa wengine wamepooza upande mmoja, wengine ni wazito, na wanateleza kitandani usiku kucha, kila saa tunawavuta juu. Mbinu za kubeba tulizofundishwa chuoni zinatufaa vipi?
Muuguzi

JIBU: Hazikufai sana, mwanangu, maana zilitungwa kwa vitu visivyo na uhai. Katoni haishtuki, haikukamati shingo, wala haibadilishi mawazo katikati ya safari. Mwaka 2007, ile kanuni ya Marekani niliyoieleza juu ilipotumika kwa kazi ya uuguzi, kiwango kilichopatikana ni takribani kilo 16 kwa muuguzi mmoja, tena mgonjwa akiwa mtulivu na yuko karibu. Mguu mmoja wa mtu mwenye kilo 100 una uzito wa karibu hivyo. Fikiria basi unapomshika kwapani ukamvuta peke yako.

Msimamo wangu kwenye wodi ni huu: mgonjwa hainuliwi, anatelezeshwa. Lipo shuka maalumu la kuteleza, tabaka mbili za kitambaa laini zinazosuguana badala ya mgonjwa kusuguana na godoro. Si kifaa cha fahari, na wodi yoyote inayohudumia waliopooza ilipaswa kuwa nalo. Mkikosa, tumieni shuka la kukunjwa lililopita chini ya mabega na nyonga zake, mlikunje kingo hadi karibu kabisa na mwili wake, mmoja kila upande.

Kabla hamjavuta, shusheni kichwa cha kitanda kilale tambarare, kama hali ya mgonjwa inaruhusu. Kichwa kikiwa juu mnamvuta mlimani. Kitanda chenyewe kipandisheni hadi kiunoni kwenu. Ikiwa hakipandi, weka goti moja juu ya godoro ili umsogelee. Mwambie mgonjwa mnachotaka kufanya. Yule aliyepooza upande mmoja bado ana mguu mmoja wa kukunja na kusukumia, na anaweza kuinua kichwa mkihesabu. Wauguzi wenye haraka husahau kuomba msaada huo, nao ni msaada mkubwa, tena unamrudishia mgonjwa heshima yake.

Nadhani pia najua kwa nini wanateleza kila saa. Kichwa cha kitanda kinapandishwa kabla ya magoti. Pandisheni kwanza sehemu ya magoti, au wekeni mto chini ya mapaja, ndipo mpandishe kichwa. Safari za kuwavuta zitapungua.

Mawili ya mwisho. Usimruhusu mgonjwa ajitundike shingoni mwako, hata akiwa mwepesi. Na anayeanguka usimdake. Msogelee, mwache ateleze taratibu kwenye mguu wako hadi sakafuni huku ukilinda kichwa chake, kisha ita watu. Wauguzi wengi niliowatibu waliumia katika sekunde moja ya kudaka, kwa huruma.

Wawili kwa wodi kama hiyo ni wachache. Hilo halitatuliwi na mbinu, na nawaomba wakuu wa hospitali wanaosoma hapa walichukue.

SWALI: Mimi ni msimamizi wa ujenzi. Vijana wangu wanabeba saruji, mifuko ya kilo 50. Je, kuna kiwango cha dunia cha uzito? Na nikiwaambia wabebe wawili wawili, tatizo si limekwisha?
Msimamizi

JIBU: Ndugu msimamizi, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mwaka 1967 Mkataba Namba 127, unaosema mfanyakazi asitakiwe wala asiruhusiwe kubeba kwa mikono mzigo ambao kwa uzito wake unaweza kuhatarisha afya au usalama wake. Mkataba wenyewe hautaji kilo. Pendekezo Namba 128 la mwaka huohuo ndilo linalotaja kilo 55 kwa mwanamume mzima, na kwa wanawake na vijana pungufu sana ya hapo. Watu huishika hiyo 55 kama ruhusa, nami sikubaliani nao. Ni namba ya zamani, na maarifa yamesogea. Mwongozo wa mamlaka ya usalama na afya kazini ya Uingereza unaweka kilo 25 kwa mwanamume na 16 kwa mwanamke, mzigo ukiwa usawa wa kiuno na karibu na mwili. Ukiokotwa chini kabisa, 10 na 7. Ukiokotwa chini na mikono imenyooka mbele, 5 na 3. Hizo si kilo za kisheria, ni mahali ambapo unapaswa kuanza kuichunguza kazi. Huko saruji imezoeleka kuuzwa kwa mifuko ya kilo 25. Sheria ya nchi yako ikiwa kali zaidi, ifuate hiyo.

Wawili wawili? Inasaidia, lakini si kwa kiasi unachodhani. Mwongozo huohuo unakadiria kuwa uwezo wa watu wawili ni theluthi mbili tu ya jumla yao, na wa watatu ni nusu. Mmoja anatangulia hatua, mmoja ni mrefu, mfuko unamlalia aliye mfupi. Wanaume wawili wanaoweza kubeba kilo 25 kila mmoja, kwa pamoja wanapata kama 33, si 50.

Kwa hiyo nisingehangaika na nani abebe. Ningehangaika na mfuko unatua wapi. Saruji ikishushwa kwenye jukwaa la mbao lenye usawa wa kiuno, karibu na mahali pa kuchanganyia, mfuko unatelezeshwa kutoka bodi ya gari hadi jukwaani, na kutoka jukwaani hadi kwenye toroli. Ukilazimika kubebwa begani, uchukuliwe ukiwa juu, usiokotwe chini. Toroli lenye gurudumu kubwa hupita kwenye kokoto ambapo gurudumu dogo linakwama. Lisukumwe badala ya kuvutwa, na njia itandikwe mbao. Kama mfuko unaweza kufunguliwa pale ulipo na kuchotwa kwa ndoo zisizojaa, hiyo pia ni njia.

Naomba nikuulize kitu ambacho hukukiandika: unawalipa kwa siku au kwa idadi ya mifuko? Anayelipwa kwa mfuko atakimbia, atabeba miwili kwa mpigo, hatapumzika, na hatakuambia anapoumia. Hakuna jukwaa wala toroli litakaloshindana na malipo ya namna hiyo. Kama uamuzi uko mikononi mwako, anzia hapo.

SWALI: Nina mimba ya miezi sita na bado napanga bidhaa kwenye rafu. Maboksi ni mepesi, kilo 7 au 8. Mbona yamekuwa mazito ghafla?
Mpangaji wa rafu

JIBU: Hongera, mwanangu. Mzigo haukuongezeka, umesogea mbali. Tumbo limeingia kati yako na boksi, kwa hiyo kilo 8 za leo zinakivuta kiuno kuliko kilo 8 za miezi mitatu iliyopita. Omba upewe rafu za usawa wa kati ya mapaja na kifua, zile za chini na za juu apewe mwenzako, au ubadilishiwe kazi kwa kipindi hiki. Lile Pendekezo la mwaka 1967 linasema mjamzito, na mama ndani ya wiki kumi baada ya kujifungua, asipangiwe kubeba mizigo pale daktari anapoona itamdhuru yeye au mtoto. Mwombe anayekuhudumia kliniki aandike barua. Karatasi husikilizwa kuliko mdomo.

SWALI: Kwa nini asubuhi ndiyo kiuno kigumu zaidi, na mazoezi ya kuinama kushika vidole vya miguu kabla ya zamu yanafaa?
Mfanyakazi wa kiwandani

JIBU: Usiku ukiwa umelala, diski zinafyonza maji na kuvimba, ndiyo maana asubuhi mtu huwa mrefu kidogo kuliko jioni. Diski iliyovimba inakataa kukunjwa. Watafiti wa Uingereza walipima mwaka 1987 wakakuta kuinama asubuhi na mapema kunaipa diski mkazo mara kadhaa kuliko kuinama baadaye mchana. Kwa hiyo hapana, usiguse vidole vya miguu mara unapotoka kitandani. Tembea, zungusha mabega, chuchumaa kidogo ukiwa umeshika meza. Kama una usemi katika kupanga kazi, mizigo ya chini ije baada ya saa ya kwanza au ya pili.

SWALI: Shikamoo mama. Mume wangu aliinua pipa kazini Jumatatu, akasikia kiuno kimekatika. Leo ni siku ya nne amelala chali. Mama mkwe anasema asinyanyuke hadi maumivu yaishe kabisa. Mume mwenyewe anataka apigwe picha ya mgongo. Kazini amesema ana homa, anaogopa kufukuzwa. Nifanye nini?
Mke mwenye wasiwasi

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza mwulize haya, umwulize leo. Je, mkojo umeziba, au unamtoka bila kujua? Je, anashindwa kukizuia choo kikubwa? Ana ganzi sehemu za siri, makalioni na mapaja kwa ndani, pale panapogusa tandiko mtu akipanda baiskeli? Miguu yote miwili imelegea, au mguu mmoja unazidi kukosa nguvu? Moja tu likiwa ndiyo, mpelekeni hospitali sasa hivi, iwe usiku au mchana, kwa sababu neva za chini ya uti wa mgongo zikibanwa hivyo zinahitaji kuokolewa ndani ya saa, si siku. Mpelekeni haraka pia kama ana homa ya kweli, kama amekuwa akikonda bila sababu, kama aliwahi kuugua saratani, au kama aliangukiwa na kitu.

Kama yote ni hapana, basi ana jeraha la kawaida la kiuno. Linauma sana, lakini walio wengi hupata nafuu kubwa ndani ya wiki chache. Kwa heshima zote kwa mama mkwe, kulala chali kunachelewesha. Zamani hata sisi wa tiba tulishauri hivyo, na ushauri umebadilika baada ya tafiti kuonyesha kwamba wanaoendelea kutembea kwa kadiri wanavyoweza hupona mapema. Leo atembee hadi mlangoni na kurudi, mara nyingi, kidogo kidogo. Kesho aongeze. Alale ubavu, mto kati ya magoti. Kitambaa cha joto kiunoni kinatuliza. Dawa ya maumivu achukue kwa ushauri wa mfamasia au daktari, hasa kama ana vidonda vya tumbo, presha au tatizo la figo.

Picha isubiri. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2015 yalikusanya picha za watu wasio na maumivu yoyote. Wenye miaka 20, asilimia 37 walionekana diski zao zimechakaa. Wenye miaka 80, asilimia 96. Akipigwa picha leo huenda akaambiwa "diski imechakaa", aingiwe na hofu, aache kujongea, na pengine hiyo diski haihusiki kabisa. Ikipita wiki sita bila nafuu, au zile dalili za hatari zikijitokeza, hapo picha ina kazi.

Kuhusu kazini, naielewa hofu yake, na bado nasema aseme ukweli. Ameumia akiwa kazini. Taarifa hiyo ndiyo inayoweza kumpa matibabu na fidia pale sheria inapotoa, na ikichelewa inakuwa vigumu kuamini. Leo hii aandike tarehe na saa, pipa lilikuwa na nini na uzito gani, liliinuliwa kutoka wapi kwenda wapi, na nani aliona. Nakala moja abaki nayo. Shirika la Afya Duniani linahesabu watu milioni 619 waliokuwa na maumivu ya kiuno mwaka 2020. Hakuna mwajiri anayeweza kusema hili ni jambo geni.

Asisubiri maumivu yafike sifuri ndipo arudi. Arudi mapema kwa kazi nyepesi na saa chache, apande ngazi kwa ngazi. Siku atakayorudi, kabla hajashika chochote, aulize kama yale mapipa bado yanainuliwa kwa mikono. Kama ndiyo, yeye na wenzake wadai toroli la pipa, lile la magurudumu mawili linaloliegemeza pipa na kulibeba, na hadi litakapoletwa asilikaribie pipa.